Petali Hamsini, Tezi Saba: Kosa la Tafsiri

Wapo wanaoshikilia kwamba chakra saba za Wahindi ni tezi saba za mwili: ya kooni ndiyo tezi ya shingo, ya paji la uso ndiyo tezi iliyo chini ya ubongo, na kadhalika hadi chini. Dai hilo lafaa litazamwe kwa jicho la mfasiri, kwani limezaliwa na tafsiri iliyovuka mpaka wake.

Tuanze na matini yenyewe. Mwaka 1577 Purnananda alitunga kwa Kisanskriti beti zinazoeleza chakra sita, na juu yake ua la petali elfu. Sir John Woodroffe, jaji wa Mahakama Kuu ya Calcutta aliyeandika kwa jina la Arthur Avalon, alizifasiri kwa Kiingereza katika *The Serpent Power*, kitabu kilichotoka mwaka 1919. Hebu msomaji ahesabu petali za maua hayo sita, kutoka mwanzo wa uti wa mgongo hadi pajini: 4, 6, 10, 12, 16, 2. Jumla ni 50, na kila petali imebeba herufi yake ya Kisanskriti. Irabu zote 16 zimewekwa kooni, kwenye mlango wa sauti. Mtunzi anamwelekeza mcha Mungu autafakari mwili wake kama alfabeti takatifu.

Woodroffe mwenyewe alionya kwamba chakra zisichanganywe na mafundo ya mishipa ya fahamu. Waliomfuata hawakumsikia. Neno homoni lilianza kutumika katika sayansi mwaka 1905. Ilipofika 1930, Alice Bailey, katika *The Soul and Its Mechanism*, alikuwa amekwisha kuzifunga chakra na tezi. Fumbo la karne ya 16 likavikwa joho la daktari.

Kosa lina upande wa pili. Dayananda Saraswati alisimulia katika tawasifu yake jinsi alivyopasua maiti iliyokuwa ikielea katika mto Ganges ili azitafute chakra. Asipoziona, akavirarua vitabu na kuvitupa mtoni pamoja na maiti. Kuhusu nyama, kisu kilisema kweli. Lakini kisu hakisomi shairi.

Sisi wa pwani hatuna udhuru wa kutolielewa jambo hili. Mtu akisema kuwa maneno fulani yamemkata maini, hatumpeleki kupimwa ini, wala hatumwiti mwongo.

Na jambo lenyewe si la wasomi peke yao. Shingo ikitoka rovu, huenda mwili umekosa madini joto, au tezi imepatwa na maradhi mengine. Hayo hujulikana kwa vipimo vya hospitali. Kutafakari kwaweza kuutuliza moyo, na hilo halina ubishi. Bali anayemwambia mgonjwa afungue chakra ya koo badala ya kwenda kutibiwa amewadhulumu wawili: mgonjwa kwa kumcheleweshea tiba, na mtunzi kwa kuzipotosha beti zake.