Mikunjo ya Doti: Mavazi ya Wanaume katika Sikukuu za Kihindu

Neno doti, tulitumialo tununuapo khanga, asili yake ni India. Huko ni jina la vazi la mwanamume: kitambaa kirefu kisichoshonwa, cha mita nne hivi au zaidi, kifungwacho kiunoni. Sisi tumelipokea neno likawa kipimo cha nguo; wenyewe wamebaki na vazi. Hata hivyo, wengi wetu tunapotaja "vazi la Wahindi" hudhani kwamba ni moja kwa wote, hasa kwa kuwa Wahindu wengi tunaoishi nao Afrika Mashariki wana asili ya Gujarat. Dhana hiyo yafaa kusahihishwa.

Tuangalie masiku tisa ya Navaratri, yaangukiayo Septemba au Oktoba. Mwanamume wa Gujarat huvaa kediyu, yaani koti fupi lenye marinda yanayoanzia kifuani, pamoja na suruali pana iliyobana vifundoni, aghalabu vikiwa vimetariziwa nyuzi za rangi na vipande vya vioo. Asili yake ni mavazi ya wafugaji, nayo yanaifaa sana ngoma ya garba, kwani marinda hufunguka mchezaji azungukapo. Katika majira hayo hayo, Mbengali huadhimisha Durga Puja akiwa amevaa dhuti iliyopitishwa katikati ya miguu na kuchomekwa nyuma, na mbele ikaachiwa mikunjo mirefu iliyopangwa kwa uangalifu. Juu yake huvaa kanzu fupi iitwayo panjabi.

Huko kusini mambo ni mengine. Katika sikukuu ya Onam, mwanamume wa Kerala huvaa mundu, nguo ya rangi ya maziwa yenye pindo la dhahabu, izungushwayo kiunoni mfano wa kikoi chetu. Jirani yake wa Tamil Nadu huiita nguo ya namna hiyo veshti, naye huivaa siku ya Pongal, sikukuu ya mavuno ya mwezi wa Januari.

Basi twaona kwamba kediyu ni kazi ya mshonaji, lakini dhuti, mundu na veshti hukamilishwa na mvaaji mwenyewe. Elimu ya vazi imo katika mikono yake, naye ameirithi kwa wazee wake. Kwa sababu hiyo, vazi lionekanalo kuwa sahili kuliko yote ndilo rahisi kupotea. Siku hizi maduka huuza veshti zenye kibandiko cha kufungia, ili kijana asihitaji kujifunza kufunga. Tena wengi huchagua sherwani, joho refu la vifungo lililostawi katika majumba ya wakuu Waislamu wa kaskazini katika karne ya 19. Hatuwalaumu waivaao, kwani ni vazi zuri lenye historia yake. Twalaumu fikira ya kwamba hilo pekee latosha kuwa vazi la heshima kwa nchi nzima.

Fikira hiyo ina madhara. Mwaka 2014 jaji wa Mahakama Kuu ya Madras alizuiwa kuingia katika klabu moja mjini Chennai kwa sababu alivaa veshti. Mwaka huo huo Bunge la jimbo likapitisha sheria ya kukataza ubaguzi wa namna hiyo. Lakini katika hekalu la Guruvayur, Kerala, mwanamume hutakiwa avae mundu ndipo aingie. Nguo ambayo hekaluni ni sharti la heshima, klabuni ilihesabiwa kuwa aibu. Na desturi ya klabu hizo ni urithi wa ukoloni.

Jambo hili si geni kwetu. Mnamo 1967 na 1968 ilipigwa kampeni nchini mwetu ya kuwalazimisha Wamasai waache lubega wavae suruali, kwa jina la maendeleo. Hapo pia nguo isiyoshonwa ilidhaniwa kuwa upungufu wa ustaarabu.

Wahenga walisema mwacha mila ni mtumwa. Nasi twaongeza kwamba anayeshurutishwa kuiacha hana hatia ya utumwa huo. Utamaduni wa taifa haujengwi kwa kuchagua vazi moja na kuyafukuza mengine. Hujengwa pale ambapo kila mwenye mkunjo wake aweza kupita mlangoni bila kuulizwa.