Kati ya Maziwa na Kifo: Vitabu vya Marja-Liisa Swantz na Mwanamke Aliyekoma Hedhi

Mchungaji anayetumwa kuhudumu katika pwani iliyo kaskazini ya Dar es Salaam, kuanzia Kunduchi na Bunju hadi Bagamoyo, hana budi kuvisoma vitabu vya Marja-Liisa Swantz. Mwandishi huyu kutoka Finland alifika Tanganyika mwaka 1952 kama mwalimu katika kazi ya misioni ya Kilutheri, na katika nusu ya pili ya miaka ya 1960 aliishi kijijini Bunju akijifunza maisha ya wanawake wa Kizaramo. Tasnifu yake, Ritual and Symbol in Transitional Zaramo Society, ilichapishwa mwaka 1970. Mwaka 1995, kwa kusaidiwa na Salome Mjema na Zenya Wild, alitoa kitabu cha Blood, Milk and Death, yaani Damu, Maziwa na Kifo. Makala haya hayakusudii kurudia sifa ambazo vitabu hivyo vinastahili. Yanakusudia kuuliza swali moja tu: je, mwanamke ambaye damu yake imekoma, na ambaye moyo wake umeinama, anaonekana humo?

Kwanza tuseme lililo jema. Wengi walioandika juu ya dini za pwani walisikiliza zaidi wazee wa kiume, waganga na walimu. Swantz alikaa na wanawake. Alituonyesha kwamba yale tuliyoyaita kwa haraka mambo ya unyago ni lugha kamili ya imani: mwali anayewekwa ndani, kungwi anayemfunda, mti wa mkole, rangi nyekundu na nyeupe, yote yanasema jambo juu ya uhai unatoka wapi na unalindwaje. Mhubiri aliyezoea kulaani ngoma asiyoielewa alipata hapa mwalimu mpole lakini mkali. Baada ya Swantz, hatuwezi tena kudai kwamba mwili wa mwanamke si suala la theolojia.

Lakini tulitazame jina la kitabu cha mwaka 1995. Damu huanza, maziwa hufuata, kisha kifo. Ni mpangilio mzuri, na uzito wa kitabu umefuata mpangilio huo: kuvunja ungo, kuzaa na kunyonyesha, kuzika. Hata hivyo, kati ya maziwa na kifo mwanamke wa leo huishi miaka ishirini, thelathini, pengine zaidi. Bibi wa makamo yumo katika vitabu hivi, tena yumo kwa heshima, akiwa kungwi, mkunga na msimamizi wa matambiko. Tunaiona kazi yake kwa wengine. Mwili wake mwenyewe, unaowaka usiku na kukosa usingizi, hatuuoni kwa uwazi huo. Mwali ana ngoma yake. Aliyekoma hedhi hana. Hii si hitilafu ya mwandishi peke yake, kwa kuwa mwandishi hufuata yale ambayo jamii imeyapigia ngoma. Ila ni wajibu wa mhakiki kusema ni wapi ngoma ilinyamaza.

Ni nini hasa kinachotokea katika ukimya huo? Wataalamu wa tiba husema mwanamke amekoma hedhi akikaa miezi 12 mfululizo bila kuiona, na kwa wengi jambo hilo hutokea kati ya miaka 45 na 55. Kabla yake huja miaka kadhaa ya mpito, ambapo homoni hupanda na kushuka. Joto hulipuka kifuani na usoni, jasho hulowesha shuka, usingizi hukatika, kumbukumbu hupungua, mwili huuma. Wengi huvuka salama. Lakini kwa mwanamke aliyewahi kuugua sonona, kipindi hiki huweza kuufufua ugonjwa. Sonona si huzuni ya siku moja. Ni moyo kuzimika kwa majuma, hamu ya chakula na ya watu kupotea, mtu kujiona hafai, na kwa baadhi, kutamani kufa. Mambo haya mawili hulishana: jasho la usiku huiba usingizi, kukosa usingizi huongeza huzuni, na huzuni humwondolea mtu nguvu ya kulistahimili joto.

Kwenye pwani yetu ni rahisi mno dalili hizi kupewa jina lisilo lake. Katika miezi ya kaskazi, kabla ya masika, kila mtu analalamikia joto. Anayetokwa jasho na kuumwa mwili huambiwa ana malaria. Bagamoyo ni mji unaoijua homa. Ni huko ambako Taasisi ya Afya ya Ifakara ilishiriki majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S. Pamoja na elimu yote hiyo, mama wa miaka 50 aweza kumeza dawa za malaria mara tatu kwa mwaka bila kuulizwa hedhi yake ya mwisho ilikuwa lini.

Dawa zisipofaa, jina la pili liko tayari: ana pepo. Hapa Swantz anatusaidia kuliko anavyotambuliwa, kwa sababu hakuiandika ngoma ya pepo kama kioja. Tukimsoma kwa makini tunaona kile ambacho mgonjwa hukipata pale. Ndugu hukusanyika, wanawake wenzake hukesha naye, husikilizwa anachotaka, na taabu yake hupewa jina mbele ya watu. Hiyo ni huduma, na kanisa lililoikataza bila kuweka nyingine mahali pake limemwacha mama huyo peke yake. Lakini uhakiki usiishie katika kusifu. Ngoma huliweka tatizo nje ya mwili. Mgeni ameingia, sharti apungwe au apewe haki yake. Mwanamke mwenyewe, pamoja na umri wake na historia ya ugonjwa wake, haulizwi.

Nasi tusijitoe. Mikesha ya maombezi iliyoenea katika sharika zetu mara nyingi hufuata mwendo uleule kwa nyimbo nyingine: pepo hutajwa, hukemewa, na mama huambiwa amepona. Asipopona, lawama humrudia yeye, kwamba imani yake ni haba. Hatari kubwa zaidi ni pale anapoambiwa aache dawa za sonona ili kuonyesha kwamba anamwamini Mungu. Kuziacha ghafla kwaweza kumrudisha shimoni, na wengine hawatoki tena. Mhubiri anayetamka neno hilo amebeba mzigo wa damu.

Maandiko yenyewe hayana ukimya tulio nao sisi. Kitabu cha Mwanzo, sura ya 18, kinasema wazi kwamba Sara alikuwa amekwisha kukoma. Kwa bahati mbaya tumeizoea hadithi hiyo kwa sababu ya mtoto tu, kana kwamba Mungu humkumbuka mwanamke mzee kwa kumrudisha uzazini. Afadhali tumsome Naomi. Katika Ruthu sura ya 1 yeye mwenyewe anasema umri wa kuolewa na kuzaa umempita. Amezika mume na wana wawili. Anaomba aitwe kwa jina la uchungu, na anamtaja Mungu kuwa ndiye aliyemtia uchungu huo. Hakuna anayemkemea. Ruthu hamhubirii, bali anafuatana naye njiani. Wanawake wa Bethlehemu wanamsikiliza, na mwishoni wa kitabu ndio wanaotamka baraka juu yake.

Kwetu Walutheri jambo hili linagusa kiini cha imani. Tukifundisha kwamba mtu huhesabiwa haki kwa neema wala si kwa matendo, basi thamani ya mwanamke haipimwi kwa tumbo lake. Hata hivyo fundisho sahihi linaweza kumfikia mtu kabla ya wakati. Eliya alipotamani kufa chini ya mti, kwanza alilala usingizi, na malaika akampa mkate na maji. Maswali ya Mungu yalikuja baadaye. Luther naye, alipomwandikia Jerome Weller mwaka 1530 juu ya huzuni yake, alimshauri aukimbie upweke, atafute wenzake, ale, anywe na kucheka.

Kwa hiyo basi, mchungaji aulize kwa adabu, au amwombe mchungaji mwanamke au mama wa usharika aulize: unalala? unakula? hedhi iko wapi? uliwahi kuugua hivi zamani? unatamani kufa? Kisha amsindikize hospitali. Tiba zipo: dawa za sonona, ambazo baadhi yake hupunguza pia lile joto la ghafla, mazungumzo ya ushauri, na kwa wanaofaa, tiba ya homoni kwa uamuzi wa daktari. Kanisa letu halina sababu ya kuuonea haya ugonjwa wa akili. Lutindi, katika milima ya Usambara, ilianza mwaka 1896 kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na mwanzoni mwa karne ya 20 ikawa hospitali ya wagonjwa wa akili. Waliotutangulia waliona kwamba kumfungua mtumwa na kumtunza aliyeelemewa moyoni ni kazi moja.

Vitabu vya Swantz viendelee kusomwa vyuoni mwetu. Hakuna vingine vilivyotufundisha zaidi kuwasikiliza wanawake wa pwani hii. Lakini visomwe kwa kuuliza sura isiyokuwamo. Kiswahili husema hedhi imekoma, kama njia iliyofika mwisho, na hakina neno la kinachoanza hapo. Kina, hata hivyo, neno mtu mzima. Sura hiyo ingefaa iandikwe sasa, tena na wanawake waliomo katika huduma na katika madarasa yetu, ambao wataweza kukaa Bunju na Bagamoyo na kuwauliza mama zao yale ambayo hakuna aliyewauliza.