Ni dhahiri kwa nani? Hataza za nyuzi zisizofumwa

Ukisikia mtu ana hataza ya kitambaa kisichofumwa, unauliza: sasa hapo kuna uvumbuzi gani? Swali ni zuri, ila mara nyingi tunalijibu haraka mno.

Tuanzie Nyololo, barabara ya kwenda kiwanda cha karatasi Mgololo inapoachana na barabara kuu ya Iringa–Mbeya. Karatasi ni nyuzi za mbao zilizotandazwa zikashikana bila kufumwa. Mifuko mbadala tunayobebea nyanya inafuata wazo hilohilo, ila nyuzi zake ni za polipropilini, zimeshikanishwa kwa joto. Kwa hiyo anayedai leo "nyuzi za polima zilizotandazwa na kubanwa kwa joto", basi tu, dai lake ni dhahiri. Kulikubali ni kumtoza fundi wa Mafinga kwa kitu ambacho fani nzima inakijua.

Sasa chukua hataza ya Marekani namba 4,215,682 ya 1980, ya Kubik na Davis. Polima iliyoyeyuka inapulizwa iwe nyuzi nyembamba, na nyuzi zinapigwa na chembe zenye chaji pale pale zinapotoka tunduni. Chaji inabaki, kichujio kinanasa vumbi dogo bila kubana pumzi.

Mpinzani ana hoja nzito. Wente alichapisha njia ya kupuliza nyuzi mwaka 1956. Eguchi, Mjapani, alishagandisha nta ndani ya uwanja wa umeme karibu 1919, na chaji ikabaki. Unganisha tu, umemaliza!

Hapo simkubali. Nta ya Eguchi ilipoa taratibu, imetulia. Uzi unaopulizwa unaganda kufumba na kufumbua, ndani ya upepo mkali. Nani alijua chaji itashika? Tena van Turnhout, bingwa wa fani hiyo, miaka ya 1970 alipita njia nyingine: alichaji utando kwanza, ndipo akaugawa kuwa nyuzi. Na tangu Wente hadi hataza hii ni zaidi ya miaka 20. Kama ilikuwa dhahiri, walisubiri nini?

Sheria yetu ya Hataza ya 1987 nayo inampima mtaalamu kwa ujuzi uliokuwepo wakati wa ombi. Kusoma jibu kwanza halafu ukasema swali lilikuwa jepesi hakuhesabiki. Tukizoea hivyo, kesho mwanafunzi wa MUST pale Mbeya ataleta kifaa chake, naye ataambiwa: "Ah, hata mimi ningeweza."