Kusawazisha Salfa ya Newala

Kuanzia Juni hivi, mikorosho ya Newala inapoanza kutoa maua, salfa ya unga hupulizwa alfajiri, upepo ukiwa umetulia na majani yakiwa na umande, kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga. Unga unaoshika majani na maua hufanya kazi yake. Unaoanguka chini hugeuzwa kidogo kidogo na bakteria wa udongo kuwa asidi ya salfuriki. Mwanafunzi wa kidato cha tano anaweza kuifuata safari hiyo yote kwa chaki, akisawazisha mlinganyo wake, na ni ufundi ninaoupenda mno kuutazama.

Huanza na salfa peke yake. Oksijeni ya hewani huiweka kando kwanza. Salfa inakwenda kuwa salfeti. Atomu ya salfa ni moja huku na moja kule, hapo hakuna deni. Kulia kuna oksijeni nne, kushoto hakuna hata moja. Mwenye pupa angebandika O₂. Fundi huongeza maji, molekuli nne, kwa kuwa kwenye mmumunyo maji ndiyo yaliyopo. Maji hayo yamekuja na hidrojeni nane, naye huzilipa kwa ayoni nane za H⁺ upande wa pili. Hapo ndipo asidi inapojitokeza yenyewe. Chaji huhesabiwa mwisho kabisa: kulia chanya zimezidi kwa sita, basi elektroni sita.

S + 4H₂O → SO₄²⁻ + 8H⁺ + 6e⁻

Uzuri wa njia hii uko katika kuziacha elektroni zije mwisho. Hakuna kubahatisha idadi yake. Chaji ndiyo inayoitaja.

Oksijeni nayo ina nusu-mlinganyo wake: O₂ + 4H⁺ + 4e⁻ → 2H₂O. Sita na nne hazilingani, kwa hiyo ya kwanza huzidishwa kwa mbili na ya pili kwa tatu, zote zifike 12. Karani wa ghala la chama cha ushirika (AMCOS) angeuelewa ukali huu: kilichotoka lazima kionekane kilikoingia. Zikijumlishwa, elektroni hufutika, maji na H⁺ hupunguzana, na kinachobaki ni kifupi:

2S + 3O₂ + 2H₂O → 2SO₄²⁻ + 4H⁺

Kagua chaji: sifuri kushoto, kulia hasi nne na chanya nne, sifuri tena.

Zile H⁺ nne ni jambo zito kwa mkulima. Kila atomu ya salfa huacha mbili udongoni. Ukipiga hesabu ya uzito, salfa ya kilo 25 ikigeuka yote, asidi yake huhitaji kilo 78 hivi za kalsiamu kaboneti kuibatilisha.

Mada hii ya kusawazisha milinganyo kwa kawaida hufunguliwa kwa permanganeti na chuma, mfano mzuri wenye rangi ya kuvutia. Lakini wewe mwalimu unayefundisha Newala, tangulia na salfa. Wanafunzi wako wameiona ikipulizwa shambani kwao.