Programu Zinazowasemea Wasioweza Kutamka
Miongoni mwa kazi za uundaji wa programu za simu zinazostahili pongezi za dhati ni ile ya kampuni ya AssistiveWare ya Amsterdam, Uholanzi, ambayo mwaka 2009 ilitoa Proloquo2Go, programu ya mawasiliano mbadala, yaani njia ya kuzungumza kwa kugusa picha na maneno ambayo simu huyatamka kwa niaba ya mtu asiyeweza kuyatamka mwenyewe, kama vile mtoto mwenye usonji au mtindio wa ubongo. Kabla ya hapo, vifaa vya namna hiyo viligharimu maelfu ya dola.

Ustadi wa waundaji hao unadhihirika katika mambo yanayodhaniwa kuwa madogo. Neno linalotumika kila mara, kama "zaidi", hubaki mahali pake hata msamiati unapopanuka, ili kidole kilizoee njia, na mama aweze kuendeleza nyumbani, wakati wa uji, kile ambacho mtaalamu wa tiba ya usemi alikianzisha. Tena, kwa kuwa haikufaa hata kidogo mtoto azungumze kwa sauti ya mtu mzima, ziliingizwa sauti zilizotengenezwa kutokana na rekodi za watoto halisi, na uamuzi huo ulikuwa wa heshima kubwa.