Filamu nzuri, mwalimu mbaya: juu ya «Pumping Iron»

Leo naweka vitabu pembeni. Naandika juu ya filamu ya mwaka 1977 ambayo vijana wengi wanaopiga vyuma hapa Uvira wamekwisha kuona kipande chake, hata kama hawajui jina lake. Ni ile ya Arnold Schwarzenegger anacheka, kifua kimevimba, vipande vya sekunde thelathini vinavyopita simu kwa simu, kutoka Kalundu mpaka Kavimvira. Mimi nimeiangalia nzima mara tatu. Ni filamu nzuri kabisa. Kama mwalimu, haifai.

Waliyoitengeneza ni George Butler na Robert Fiore, kutokana na kitabu ambacho Butler huyo huyo na Charles Gaines walikitoa 1974. Inafuata wanaume wanaojiandaa kwa shindano la Mr. Olympia la 1975. Schwarzenegger amekwisha kulishinda mara tano. Anayemkimbiza ni kijana wa New York, Lou Ferrigno, mtu wa karibu mita mbili, ambaye tangu utotoni hasikii vizuri. Mmoja anafanya mazoezi California, kwenye jua, katikati ya marafiki. Mwingine yuko Brooklyn, ndani ya sale ndogo yenye giza, na baba yake pembeni.

Hapa njo tusimame kidogo. Baba, Matty, ni polisi, na ndani ya filamu njo kocha. Kazi yake ni gani? Kupiga kelele. Anasukuma, anataka moja zaidi, na tena moja. Neno juu ya mgongo, juu ya goti, juu ya kupunguza kilo, nimelitafuta na sikulipata. Walioongoza filamu waliipenda sura hiyo kwa sababu inatoa hadithi: baba, mwana, na ndoto ambayo hatujui ni ya nani kati yao wawili. Kwa hadithi, inafanya kazi vizuri sana. Shida ni kwamba sisi tuliichukua kama njia ya kufundisha.

Pita jioni kwenye parsele zetu ambako wanapiga vyuma, utasikia: «Songa! Ongeza! Usiogope, weye ni mwanaume!» Anayeitwa kocha, mara nyingi, ni yule mwenye mkono mnene kuliko wengine. Mkono wake mnene hausemi kama anajua kufundisha. Jirani wangu mmoja, mwanafunzi wa sekondari, alinyanyua chuma cha beto kutoka chini mgongo umepinda kama upinde, wenzake watatu wanashangilia. Wiki nyingi hakuweza kukaa kwenye benchi ya shule. Hakuna hata mmoja kati ya wale watatu aliyekuwa mubaya. Walikuwa wanafanya kile walichokiona.

Na beto yenyewe, tuiseme. Tunamwaga simenti ndani ya makopo mawili ya rangi, katikati bomba la maji, basi. Siwacheki, vyuma vya dukani ni bei. Lakini makopo mawili hayalingani uzito, kwa hiyo upande mmoja wa mwili unavuta kuliko mwingine, siku kwa siku. Tena chuma cha kweli cha mashindano, cha kilo 20 kwa wanaume na 15 kwa wanawake, kina ncha zinazozunguka zenyewe. Unapokigeuza kifuani, uzito unazunguka na kiganja kinapumzika. Beto haizunguki, kiganja njo kinalipa. Na kilicho kibaya zaidi: mwenye sahani ndogo za chuma anaweza kuongeza nusu kilo, kilo moja, polepole. Sisi tunaruka kutoka kopo dogo hadi kopo kubwa, labda kilo kumi kwa siku moja. Fundi mwenye akili anaweza kutoa suluhisho kwa mizani ya sokoni na mifuko midogo ya mchanga. Filamu haiwezi kukufundisha hiyo, kwa sababu ndani yake hakuna mtu anayeanza. Wote wamekwisha kuwa milima.

Mama zetu nao wana woga wao: «Mtoto akipiga chuma atabaki mfupi.» Hapana. Vyuma havizuii mtoto kukua kama anafundishwa na anaangaliwa. Shirika la Afya Duniani, katika maelekezo yake ya 2020, linataka watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli na mifupa angalau siku tatu kwa wiki, na watu wazima angalau siku mbili. Wa miaka 13 anaanza na fimbo ya fagio, anajifunza kuchuchumaa na kusimama, mpaka kocha aone kwamba mgongo umejua njia. Kisha kilo. Dada pia. Wanawake wananyanyua vyuma kwenye Olimpiki tangu Sydney 2000, lakini ndani ya filamu hii wanawake karibu wote ni watu wa kuangalia tu.

Kuna mambo mawili filamu inayanyamazia, na siwezi kuyapita.

La kwanza ni dawa. Schwarzenegger mwenyewe alikiri baadaye kwamba alitumia steroidi. Filamu haisemi, basi kijana wetu anaangalia mwili ule na kufikiri ni mayai na bidii tu. Akiona hafiki, anatafuta vidonge vya kunenepa. Hapo mtu anaweza kumuuzia deksametazoni, naye akasikia kwamba «nayo ni steroidi». Ni ya jamaa nyingine kabisa! Inajaza maji na mafuta usoni, na ukiizoea inakula misuli na mifupa, kile kile alichotaka kujenga. Nimeona sura zilizovimba vile, na watu wanazisifu.

La pili ni mahali. Shindano lile lilifanyika Pretoria. Afrika Kusini, 1975, katikati ya ubaguzi wa rangi! Jukwaani kuna Serge Nubret, mtu mweusi wa Guadeloupe, anang'aa kuliko wengi, na filamu haisimami hata dakika moja kuuliza nje ya ukumbi kuna nini. Ilipotoka 1977, watoto wa shule wa Soweto walikuwa wamekwisha kupigwa risasi, Juni 1976. Mtu wa Afrika akiangalia leo, ukimya ule unasikika.

Tena kuna ile ahadi kwamba mwili utakuvusha. Kijana wa kijiji cha Austria alifika Marekani 1968 na akaishia gavana wa California. Ni kweli, ilitokea. Lakini 2021 Julius Ssekitoleko, mnyanyua vyuma wa Uganda, miaka 20, alifika Japani kwa ajili ya Olimpiki, akaambiwa hayumo kwenye orodha, akatoroka kambini na kuacha karatasi: anataka kubaki afanye kazi, maisha ya nyumbani ni magumu. Wakamkuta siku nne baadaye, wakamrudisha. Hiyo pia ni filamu, na hakuna aliyeitengeneza.

Sasa, wanachama wamependekeza tuionyeshe kwa wanafunzi. Nakubali, kwa sababu ya mwanzo wake, ambao hautumwi kwenye simu. Schwarzenegger na rafiki yake Franco Columbu wako ndani ya studio ya dansi. Mwanamke, mwalimu wa baleti, mwili mdogo, anawarekebisha: mkono hapa, shingo vile, geuka polepole. Hapigi kelele. Wakubwa wale wawili, wenye nguvu ya kubeba motokari, wanasikiliza kama watoto wa darasa la kwanza, wanajaribu, anawagusa kiwiko, wanajaribu tena. Ningeomba anayeshika mashine airudie sehemu hiyo mara mbili, kabla hatujaenda Brooklyn.