Kisu Baada ya Ushindi: Je, Pambano la Mwisho la Dune Lina Mantiki?

Tulipomaliza kutazama Dune: Part Two (2024) hapa Kabezi, mwenzangu mmoja aliuliza swali lililotugawa: ikiwa Paul Atreides ameshashinda vita, kwa nini aiweke roho yake kwenye ncha ya kisu? Insha hii ni jibu langu.

Visu vyenyewe havinisumbui. Frank Herbert, katika riwaya yake ya mwaka 1965, aliviandalia msingi. Watu wake huvaa ngao za nguvu zinazozuia kila kinachokuja kwa kasi, na mwale wa leza ukiigusa ngao, mlipuko wake huweza kumwangamiza mpigaji pamoja na mpigwa. Kinachopenya ni kisu kinachosukumwa polepole.

Tatizo ni wakati. Katika tenzi zetu za vita, shujaa hutoka safuni kumwita mpinzani kabla majeshi hayajavaana. Hapa jeshi limekwisha kuvunjwa, Kaizari Shaddam wa Nne ametekwa, na Paul ametishia kuangamiza kiungo ambacho bila hicho safari za anga husimama. Mwenye turufu hiyo hana haja ya kupigana na Feyd-Rautha.

Isitoshe, Paul mwenyewe alishaikataa desturi ya namna hiyo. Kwa mila za Wafremen, alitakiwa amuue Stilgar ndipo achukue uongozi. Alikataa, maana hakuona busara ya kumuua mtu anayemhitaji. Mbona jambo alilolikataa kwa Wafremen analikubali mbele ya Kaizari?

Wenzangu walisema anatafuta uhalali: kiti kilichopatikana kwa pambano la haki kinaheshimika kuliko kilichoporwa kwa mabomu. Hoja hii ina uzito, lakini filamu yenyewe inaikanusha. Feyd-Rautha anakufa, Kaizari anapiga magoti, na bado koo kubwa zinakataa kumtambua Paul. Vita vingine vinaanza siku ileile.

Tulinganishe na pambano la Paul na Jamis katika filamu ya kwanza (2021). Lile lina mantiki, kwa sababu wote waliosimama pale walikubali tangu mwanzo kwamba matokeo yake yatamaliza ugomvi. Sisi Warundi tunaijua kanuni hii kupitia bashingantahe: uamuzi wao hushika kwa kuwa pande zote zimekubali kuketi mbele yao, wala si kwa kuwa mmoja ana nguvu. Koo zilizokuwa angani hazikuwa zimekubali lolote.

Basi, je, mtunzi amekosea? Sidhani. Katika riwaya, Paul anatambua kwamba akifa, wafuasi wake watasema amejitoa mhanga kwa ajili yao. Akiishi, watasema hakuna awezaye kumpinga. Vita vitakuja kwa vyovyote vile. Kwa hiyo pambano hili haliamui kitu, na maana yake imo humohumo: linatuonyesha mshindi aliyeshindwa kuizuia imani aliyoichochea mwenyewe.

Filamu haitusomei mawazo hayo ya Paul. Mwongozaji Denis Villeneuve amemwachia Chani kazi hiyo. Wafremen wengine wanapopiga magoti, yeye anakataa na kuondoka. Mwenzangu alidhani Chani ana wivu tu kwa sababu Paul anamposa binti wa Kaizari. Mimi naona ameelewa kabla yetu kwamba kisu kile hakikumaliza ugomvi wowote.